Breki orijino kwenye gari la zamani: kipi cha kutafuta, kipi cha kukimbia

Wenye magari ya zamani wana neno wanalolipenda kuliko mengine yote: orijino. Muuzaji akilitamka bei inapanda, na mnunuzi akilisikia moyo unatulia. Kwenye bampa, saa za dashibodi au kitambaa cha viti, neno hilo likitumika ovyo hasara yake ni pesa na sura ya gari. Kwenye breki hasara yake ni nyingine kabisa. Hata hivyo ni kwenye breki ambako ubishi huwa mkali zaidi. Kuna wanaoapa kwamba gari la mwaka 1965 halifai kufungwa kitu ambacho hakikutoka kiwandani mwaka 1965, na kuna wanaosema vyote vya kale vitupwe, gari livalishwe breki za kisasa na mjadala uishe.

Kila upande umeshika nusu ya jambo. Mfumo wa breki ni mchanganyiko wa vitu vinavyozeeka kwa njia tofauti: chuma, mpira, lainingi (tabaka linalosuguliwa ili gari lisimame) na mafuta. Silinda ya chuma ya mwaka 1965 inaweza kuwa bora kuliko nakala yake ya leo. Sili ya mpira (kizuizi cha mafuta yasivuje) ya mwaka huohuo ni takataka, hata kama haijawahi kutoka kwenye karatasi yake. Ukilielewa hilo, maamuzi mengi yanayobaki huwa mepesi.

Tuanze na kinachouzwa

Chini ya jina “orijino” sokoni kuna angalau bidhaa tano. Ya kwanza ni spea iliyotengenezwa zama za gari lenyewe, haikuuzwa wala kufungwa, ikabaki ghalani hadi leo. Tuiite mpya ya ghalani. Ya pili ni spea inayotengenezwa sasa kwa idhini ya kampuni ya gari. Hizi zimeongezeka miaka ya karibuni kwa sababu kampuni zimegundua kwamba magari yao ya zamani bado yana wapenzi. Nissan ilianza mwaka 2017 kurudisha spea za Skyline GT-R ya R32 kupitia NISMO, tawi lake la mashindano. Toyota ikafuata mwaka 2020 na mpango wa GR Heritage Parts kwa ajili ya 2000GT na Supra za A70 na A80, na mwaka 2021 ilipoongeza Corolla AE86, kalipa (vibanio) za breki za nyuma zilikuwa miongoni mwa spea za mwanzo kurudishwa.

Ya tatu ndiyo watu wengi hawaijui, nayo mara nyingi ndiyo njia ya mkato. Viwanda vingi vya magari havikutengeneza breki zake. Vilinunua. Gari la Uingereza la miaka ya 1960 kwa kawaida lilikuja na breki za Girling au Lockheed, la Ujerumani mara nyingi ATE, la Ufaransa au Marekani huenda Bendix. Kampuni ya gari iliiweka silinda ya Girling kwenye boksi lenye nembo yake, ikaipa namba yake na kupandisha bei. Kwa hiyo silinda inayotafutwa kwa udi na uvumba kwa jina la gari fulani adimu inaweza kuwa ileile iliyofungwa kwenye gari la kawaida kabisa lililouzwa kwa wingi. Anayetafuta kwa namba ya mtengenezaji wa breki, siyo ya mtengenezaji wa gari, anaingia kwenye soko pana zaidi.

Ya nne ni nakala: kampuni isiyohusika na gari wala breki za mwanzo inaiga umbo. Zipo nzuri na zipo za aibu. Ya tano ni spea ya zamani iliyofufuliwa, yaani gamba la chuma ni lilelile la mwanzo, ila ndani limetengenezwa upya. Nje ya hizo tano ipo feki, ambayo ni nakala inayodanganya jina. Nakala inayokiri kuwa ni nakala haina kosa. Kosa la feki ni uongo, kwa sababu huwezi kumfuata mtu yeyote ikikuangusha.

Jinsi breki inavyofanya kazi

Ukikanyaga pedali, unasukuma pistoni ndani ya masta silinda, yaani pampu kuu ya mafuta ya breki. Pistoni inasukuma mafuta, na kwa kuwa mafuta hayabonyei, msukumo unasafiri kwenye mabomba hadi kila gurudumu. Huko kuna pistoni nyingine. Kwenye breki ya dramu, silinda ya gurudumu inavitanua viatu viwili vyenye lainingi vikagusa ukuta wa dramu kwa ndani. Kwenye breki ya diski, kalipa inabana pedi mbili dhidi ya diski. Msuguano unageuza mwendo kuwa joto, gari linapungua kasi.

Mfumo huu si mgeni. Duesenberg Model A ya mwaka 1921 ndiyo inayotajwa kuwa gari la kwanza kuuzwa likiwa na breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne. Diski zilipata heshima mwaka 1953, Jaguar C-Type yenye diski za Dunlop iliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans. Magari mengi yanayoitwa ya zamani leo yako katikati ya hadithi hiyo: dramu pande zote, au diski mbele na dramu nyuma.

Jambo moja la hesabu linahitaji kukaa kichwani, maana ndilo linalowapoteza hata mafundi. Upana wa masta silinda kwa ndani na upana wa silinda za magurudumu vimepangwa viendane. Watu hudhani masta silinda pana zaidi itashika breki kwa nguvu zaidi. Ni kinyume chake. Ukitoa yenye kipenyo cha ndani cha inchi 5/8 ukaweka ya inchi 3/4, uso wa pistoni unaongezeka kwa asilimia 44. Pedali itakuwa fupi na ngumu, utaisifu ukiwa umesimama uani, lakini ili upate mgandamizo uleule kwenye mabomba itabidi mguu wako uongeze nguvu kwa asilimia 44 ileile. Kwenye gari lisilo na busta (kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu), tofauti hiyo utaiona siku mtu akikatiza mbele yako. Basi silinda “inayoingia bila shida” haitoshi kuitwa sahihi. Matundu ya bolti yanaweza kukubali huku hesabu ya ndani ikikataa.

Mpira hauhifadhiki

Chukua mpira wa kufungia noti uliosahaulika kwenye droo kwa miaka mingi. Haujawahi kutumika hata mara moja, lakini ukiuvuta unakatika. Hivyo ndivyo ilivyo kwa sili, vifuniko vya vumbi na mipira ya breki iliyolala ghalani tangu miaka ya 1970. Hewa na joto vimefanya kazi yake polepole, boksi likiwa bado linang’aa. Ninaposikia mtu amelipa pesa nyingi kwa seti ya sili “za enzi hizo, hazijafunguliwa”, namwona amenunua kitu cha kuweka kabatini. Kama pambo, sawa. Ndani ya silinda, hapana.

Spea ya ghalani inaponunuliwa nzima, mathalani masta silinda kamili, kosa la kawaida ni kuifunga kama ilivyo kwa sababu ni “mpya”. Ifungue kwanza. Tazama ukuta wa ndani kwa tochi. Ukiwa laini na safi, una hazina mkononi: weka sili mpya za leo na utakuwa na silinda iliyosubiriwa kwa hamu. Ukiona vishimo vya kutu, hata vidogo, usidanganyike kuvifuta kwa msasa hadi vitoweke. Msasa mwepesi huondoa madoa. Kishimo kikiondolewa kwa msasa kipenyo kinapanuka, sili inakosa kubana, na mafuta yanaanza kuvuja baada ya muda mfupi.

Dawa ya silinda yenye vishimo ipo na imethibitika: kuvalishwa silivu. Fundi wa mashine anachonga ndani, anaingiza mrija mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, kisha anaurudisha kwenye kipenyo kilekile cha kiwandani. Nje gari linabaki na silinda yake ya kuzaliwa, yenye maandishi na namba zake. Ndani pana ukuta ambao hautashika kutu tena. Kwa maoni yangu hii ndiyo tafsiri bora ya orijino kwenye breki, na mara nyingi inaishinda nakala mpya ambayo kipenyo chake kimekadiriwa na chuma chake hakijulikani.

Hapo linatoka onyo ambalo laiti lingeandikwa kwenye kila gereji: usitupe ulichokifungua. Silinda iliyoganda, kiatu kilichoisha lainingi, kalipa iliyojaa kutu, vyote ni mali ghafi ya kufufua. Watu wametupa viatu vya breki vya magari adimu wakidhani vimekwisha, kumbe kilichokwisha ni lainingi tu. Chuma cha kiatu kikiwa hakijapinda, lainingi mpya inabandikwa au inapigwa riveti na kiatu kinarudi kazini.

Na mipira inayounganisha bomba na gurudumu? Mpya, kila mara. Mpira uliozeeka unaweza kuonekana mzima kwa nje huku kwa ndani umevimba na kuziba. Matokeo yake huwachanganya wengi: ukikanyaga, mafuta yanapita kwa sababu ya nguvu ya mguu, ukiachia, hayarudi. Breki inabaki imeshika, gurudumu linachemka, na fundi anabadilisha kalipa nzima bila kupona. Mipira inayotengenezwa kwa kufuata kanuni za Marekani huwa na tarehe ya kutengenezwa iliyochapishwa juu yake, hivyo isome kabla ya kulipa.

Kusaka spea bila kupigwa

Mwanzo wa msako ni kitabu. Katalogi ya spea ya gari lako na kitabu cha ufundi cha kiwanda vinaeleza namba, vipenyo na, muhimu kuliko vyote, mahali mabadiliko yalipotokea. Viwanda havikubadilisha breki siku ya mwaka mpya. Vilibadilisha katikati ya uzalishaji, ghala la zamani lilipokwisha, ndiyo maana katalogi huandika “hadi chesisi namba fulani” na “kuanzia chesisi namba fulani”. Anayeagiza kwa mwaka wa gari peke yake anacheza bahati nasibu. Mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari unaweza kuwa mwaka wa kusajiliwa, na gari lenyewe likawa lilitoka kiwandani mwaka uliotangulia.

Namba za spea nazo huhama. Kiwanda kikiboresha kitu, namba ya zamani inafutwa na mpya inachukua nafasi yake, pengine mara tatu au nne. Muuzaji anayekuambia “hiyo haipo duniani” huenda ametafuta namba iliyokufa. Fuatilia mlolongo wa namba hadi ya mwisho, kisha tafuta namba ya mtengenezaji wa breki iliyo sawa nayo.

Halafu pima. Gari lenye umri wa miaka 50 limepita mikononi mwa watu wengi, na huwezi kuamini kwamba kilichomo ndicho kilichoandikwa kitabuni. Pengine ekseli nzima ilitoka kwenye gari jingine. Toa dramu, safisha silinda, soma maandishi yaliyotoka pamoja na chuma, chukua venia (kipimo cha vipenyo) upime kipenyo. Unapoagiza kwa mtu wa mbali, omba picha ya kipande kikiwa kando ya rula, picha ya maandishi ya chuma, na picha ya ndani ya silinda. Muuzaji mkweli hasumbuki. Boksi lisikuvutie sana, kwa kuwa maboksi ya kale huchapishwa upya, na mengine ni ya kweli kabisa lakini yamewekwa nakala ndani. Tazama kilichomo: herufi zilizofifia au zenye umbo la ajabu, uzito pungufu, mabaki ya chuma kwenye kingo ambayo kiwanda cha zamani kisingeyaachia yatoke.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye thredi, yaani mizingo ya nati, na ni mtego wa kimyakimya. Magari ya Uingereza na Marekani yalitumia sana nati za mabomba za inchi 3/8 zenye mizingo 24 kwa inchi. Ya Ujerumani na Japani yalitumia sana M10, yaani ya milimita 10, yenye hatua ya milimita 1 kati ya mizingo. Inchi 3/8 ni milimita 9.525. Maana yake nati ya inchi inaingia kwenye tundu la M10 kwa kucheza kidogo, inazunguka, na ukikaza inaonekana imekamata. Imekamata ncha tu za mizingo. Siku ya kukanyaga kwa nguvu inachomoka. Ncha za mabomba nazo ziko za aina zaidi ya moja: zipo zilizopanuliwa na kukunjwa mara mbili kama faneli, na zipo zenye umbo la kiputo. Ukiichanganya moja na kiti cha nyingine, hata thredi ikiwa sahihi, patavuja. Nakala ya silinda inapotengenezwa kwa ajili ya magari ya nchi nyingi, thredi ndicho kitu cha kwanza kubadilishwa bila mtu kukuambia.

Lainingi: hapa usiwe mtumwa wa zamani

Lainingi za asili za magari mengi ya zamani zilikuwa na asbesto. Ilishika vizuri, ilivumilia joto, na vumbi lake linasababisha saratani. Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku yake mwaka 2005. Viatu vipya vya ghalani vyenye lainingi ya enzi hizo vinauzwa hadi leo kama dhahabu, na huo ni ununuzi mbaya mara mbili: vumbi ni hatari, na gundi iliyozeeka inaweza kuachia lainingi ikang’oka nzima ndani ya dramu. Nunua chuma chake kama ukihitaji, kisha mpe mtaalamu mwenye vifaa aondoe lainingi na kubandika isiyo na asbesto.

Kwa sababu hiyohiyo, unapofungua dramu ya gari usilolijua historia yake, usipulize vumbi kwa kompresa wala kwa mdomo. Lilowanishe kwa maji yenye sabuni, lifute kwa kitambaa, kitambaa kiingie kwenye mfuko unaofungwa. Vaa barakoa inayofaa kwa vumbi laini. Fundi aliyepuliza breki miaka 30 na bado anatembea si ushahidi wa chochote, maana magonjwa ya asbesto huchukua miongo kujitokeza.

Uchague lainingi ya namna gani basi? Wengi hukimbilia ngumu wakiamini ngumu inadumu na kinachodumu ni bora. Lainingi ngumu au pedi za mashindano huhitaji joto ndipo zishike, na gari la zamani lisilo na busta halina nguvu ya ziada ya kuzibana zikiwa baridi. Unapata pedali nzito na breki hafifu kwenye kona ya kwanza asubuhi. Kwa matumizi ya barabarani tafuta yenye msuguano unaokaribia wa asili. Kwenye ukingo wa lainingi nyingi kuna herufi mbili, kama EE au FF: ya kwanza inaeleza msuguano ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45. Herufi hizo hazisemi lolote kuhusu ubora wala uimara. Pedi zenye alama ya E ndani ya duara (siyo ile herufi ya msuguano) na maandishi 90R zimepimwa chini ya kanuni inayotaka utendaji wake usitofautiane na wa pedi za kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15, ingawa kwa magari ya zamani sana si rahisi kuzipata zenye alama hiyo.

Kufunga

Gari likae juu ya stendi imara, siyo juu ya jeki peke yake. Fungua upande mmoja, uache wa pili ukiwa umefungwa uwe mwalimu wako. Piga picha kabla ya kutoa springi ya kwanza, kwa sababu mpangilio wa springi za dramu ni kitu ambacho kila mtu anaamini atakikumbuka.

Vipande vingi vya breki vina kulia na kushoto, na vingi vinakubali kuingia upande usio wake. Kalipa ndizo mfano mzuri. Zikibadilishana pande, nipeli ya kutolea hewa inaishia chini badala ya juu. Hewa hupanda juu, kwa hiyo unaweza kutoa hewa mchana kutwa na pedali ikabaki laini. Kwenye dramu za aina ambayo kiatu kimoja kinakisukuma kingine, zilizoenea sana kwenye magari ya Marekani, viatu viwili vya gurudumu moja havifanani: chenye lainingi fupi kinakaa mbele, chenye lainingi ndefu nyuma. Fundi asiyejua huviweka ovyo, au huweka vifupi viwili gurudumu la kushoto na virefu viwili la kulia, na gari linavuta upande kila likisimama. Virekebishi vinavyojikaza vyenyewe navyo vina thredi ya kulia na ya kushoto. Vikibadilishana, vinalegeza badala ya kukaza.

Tumia grisi maalumu ya mipira ya breki kwenye sili, au zilowanishe kwa mafuta mapya ya breki. Grisi ya kawaida, oili ya injini, dizeli au petroli vinazivimbisha na kuziharibu. Sehemu ambapo kiatu kinateleza kwenye bamba la nyuma zipakwe grisi ya joto kali, kidogo sana. Lainingi iliyoloa oili kutoka kwenye sili ya ekseli haioshwi ikapona, hata uichome moto kama wafanyavyo baadhi. Badilisha pande zote mbili za ekseli, na ukarabati kwanza chanzo cha oili.

Dramu na diski za zamani zikichongwa, zina kikomo. Kwenye nyingi kimeandikwa kwenye chuma chenyewe, na kwenye za zamani zaidi kipo kitabuni tu. Dramu iliyopita kikomo inakuwa nyembamba, inatanuka ikipata joto, na pedali inazama.

Mabomba ya chuma yaliyoshika kutu hubadilishwa bila huruma. Mchanganyiko wa shaba na nikeli haushiki kutu kirahisi, unapindika kwa mkono na unafaa sana, japo rangi yake itamkera jaji wa mashindano ya urembo wa magari. Huyo mwache akereke.

Mafuta, ambako wengi hupotea

Namba kubwa ya DOT (alama ya daraja la mafuta ya breki) haimaanishi mafuta bora kwa gari lako. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za familia moja, zimetokana na glaikoli na zinanyonya unyevu. DOT 5 ni silikoni, familia nyingine kabisa, na haichanganywi na hizo. Nukta moja kwenye jina inatenganisha vitu viwili visivyopatana, na aliyebuni majina hayo ana kesi ya kujibu. Kanuni inataka DOT 3 ichemke kwa nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi ikiwa mpya na 140 ikishanyonya maji. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5 na 5.1 ni 260 na 180. Tofauti ya mafuta mapya na yaliyonyonya maji ni kubwa kuliko tofauti ya DOT 3 na DOT 4. DOT 4 iliyokaa miaka kumi ni dhaifu kuliko DOT 3 ya jana.

Silikoni inapendwa na wenye magari ya maonyesho kwa sababu haili rangi na hainyonyi maji. Lakini maji yakiingia yanajikusanya sehemu ya chini na kula chuma hapohapo, na pedali huwa laini kidogo. Kuhamia silikoni maana yake ni kusafisha mfumo mzima na kubadilisha kila mpira, siyo kumwaga na kujaza. Citroën za mfumo wa majimaji nazo zina sheria zao: DS za mwanzo zilitumia mafuta mekundu, na kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1960 zikahamia LHM ya kijani, ambayo ni mafuta ya madini. Ukiweka mafuta mekundu kwenye gari la LHM, au kinyume chake, sili zote zinakufa. Kwa magari mengine mengi, tone la mafuta ya madini kwenye chupa ya breki linatosha kuanzisha msiba. Mpira wa kifuniko cha chupa ukiwa umevimba na haurudi mahali pake, mtu alishafanya hivyo kabla yako.

Wakati wa kutoa hewa, weka kipande cha ubao chini ya pedali isishuke hadi sakafuni. Kwenye masta silinda ya zamani, sehemu ya mbali ya ukuta haijawahi kuguswa na sili na imejaa uchafu; ukiikanyaga hadi mwisho, midomo ya sili inachanika pale. Kwenye dramu, rekebisha viatu kwanza ndipo utoe hewa. Pedali inayozama si lazima iwe na hewa. Mara nyingi viatu viko mbali na dramu, na pistoni zinamaliza safari kabla havijagusa.

Lipo swali moja ambalo katalogi haitakujibia. Magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yana masta silinda ya njia moja: sili moja ya gurudumu lolote ikipasuka, breki zote nne zinaondoka pamoja, unabaki na hendibreki. Marekani ililazimisha mfumo wa njia mbili kwa magari ya abiria kuanzia Januari 1968. Je, ubadilishe? Gari linalotoka mara chache kwenda kwenye maonyesho, likikaguliwa vizuri, mimi ningeliacha lilivyo. Linalobeba familia kila wiki ningelifunga njia mbili, hasa kama modeli hiyohiyo ilikuja nazo mwaka uliofuata, maana hapo bado unatumia spea za ukoo wake. Masta silinda ya mwanzo ifutwe, ipakwe kinga ya kutu na iwekwe kwenye boksi lenye jina. Ukifanya mabadiliko hayo, au ukiweka diski mahali palipokuwa na dramu, angalia vali ndogo inayobakiza mgandamizo kwenye njia ya mafuta. Masta silinda nyingi za dramu zinayo ndani. Dramu inaihitaji, lakini kwenye diski vali hiyo itafanya pedi zibane muda wote hadi zichemke.

Ukimaliza, kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie kwa dakika moja. Ikizama taratibu bila tone kuonekana popote, masta silinda inavujisha kwa ndani. Ikisimama imara, kagua kila nati kwa kitambaa kikavu, kisha endesha mahali peupe pasipo na watu, mwendo mdogo, simama mara nyingi kwa utaratibu huku ukiziacha breki zipoe katikati. Lainingi mpya haijagusa dramu uso mzima, hivyo siku za kwanza gari litachelewa kusimama kuliko litakavyosimama baadaye. Baada ya safari chache lirudishe juu ya stendi, rekebisha viatu tena, na uandike kwenye karatasi ndani ya boneti tarehe ya mafuta na tarehe iliyochapishwa kwenye mipira. Mafuta ya glaikoli hubadilishwa kila miaka miwili, hata kama gari halijatoka uani.